Utando wa Februari

Jumatatu, 2 Machi

Nimeanza daftari hili kwa sababu lile la maabara halina nafasi ya maneno. Kule huandikwa namba, na kwa sasa namba zangu zimenigomea.

Habari yenyewe ni hii. Natengeneza seli za jua. Siyo zile za bluu zinazowekwa juu ya bati, bali za plastiki. Unayeyusha polima nyekundu pamoja na unga mweusi wa kaboni, unadondosha juu ya kioo kidogo, mashine inakizungusha, na kinachobaki ni utando mwembamba kuliko ule unaokaa juu ya maziwa yaliyochemka. Utando ukijipanga vizuri, ukiumulika unatoa umeme. Ukijipanga vibaya unatoa aibu. Februari seli zangu ziligeuza asilimia 3.8 ya mwanga kuwa umeme, ambayo kwa vifaa vyetu ni sherehe. Msimamizi wangu, Dokta Benedikto, alitabasamu, na wanafunzi wake wa zamani hawakuamini nilipowasimulia.

Sasa mtahini wa nje ameandika kwamba kitu kilichotokea mwezi mmoja tu si matokeo, ni bahati. Anataka kirudiwe. Nina mpaka mwisho wa Juni. Nisipokirudia sina tasnifu, usajili wangu wa shahada ya uzamili unakufa, na nitarudi Muleba kufundisha fizikia sekondari, mahali ambapo nilimwambia kila mtu kwamba sirudi.

Leo nimepata 1.6. Mvua imenyesha tangu asubuhi.

Jumanne, 3 Machi

1.5. Mvua.

Alhamisi, 5 Machi

Nimesafisha meza ya Najma. Hatarudi kabla ya mwisho wa Juni, na nahitaji nafasi.

Najma ni mwenzangu wa maabara. Mume wake, Jamali, aligongwa akiwa kwenye pikipiki mwanzoni mwa Ramadhani, akafa palepale. Sasa Najma yuko kwa mama yake Temeke, amekaa eda, miezi minne na siku kumi, hatoki. Nilikwenda msibani. Nikakaa mkekani na wanawake, nikasema pole, nikakosa la pili la kusema. Mambo hayo siyawezi. Sijarudi tena.

Kazi tulikuwa tumegawana. Mimi huchanganya dawa na kuzungusha vioo, kisha ikifika alasiri nakimbilia darasani kufundisha semina ya mwaka wa kwanza. Yeye alibaki na vioo vikiwa bado vibichi, akavikausha, akavipasha moto, akavipima. Nikirudi nilikuta namba ziko tayari.

Meza yake ilikuwa na bakuli za kioo kama duka la Kariakoo. Moja juu ya kikombe, moja juu ya sukari, nyingine zimelala tu. Najma hufunika kila kilichoachwa wazi. Nilimtania sana kwa hilo, nikamwambia siku moja atanifunika na mimi nikisinzia. Bakuli nyingine zilinuka dawa yetu, ile harufu ya vidonge vya kuwekea nguo sandukuni, ikabidi nizioshe mara mbili. Nimezifunga kwenye boksi, nimezipeleka stoo. Meza sasa inapendeza.

Jumatatu, 9 Machi

Leodegar, fundi wetu wa maabara, ana maelezo ya kila kitu, na maelezo yenyewe huwa ni moja.

"Masika hii, sista. Hata chumvi inalia kwenye kopo. Wewe unategemea plastiki isilie?"

Safari hii nakubaliana naye. Kabati letu la nitrojeni halina gesi hiyo kavu tangu mwaka jana, kwa hiyo tunafanyia kazi kwenye hewa ya Dar es Salaam kama ilivyo. Februari ilikuwa kavu, Machi imelowa. Unyevu unaingia kwenye utando kabla haujakauka. Dawa yake ni kuukausha upesi, unyevu usipate muda. Nimewasha pangaboi mpaka mwisho na nimeweka vioo chini yake.

Jumanne, 10 Machi

1.4.

Jumatano, 11 Machi

Leodegar ameleta feni ya mezani kutoka ofisini kwake. Sasa kuna pangaboi juu na feni ubavuni. Vioo vinakauka mbele ya macho yangu kama tone la maji juu ya jiwe la moto. 1.3.

Jumapili, 15 Machi

Segerea kumelowa kila mahali. Ma'mkubwa Eufrazia, ninayekaa kwake, ametandaza nguo sebuleni, jikoni, mpaka juu ya televisheni. Tumeangalia misa ya Askofu kupitia sketi yangu. Anapiga pasi soksi ili zikauke. Nimemwambia ndiyo kazi ninayofanya chuoni, ila mimi nasomea.

Alhamisi, 19 Machi

Nijiandikie vizuri, pengine nikiliona kwenye karatasi nitalielewa.

Mwanga ukiingia kwenye polima unaamsha chaji. Chaji hiyo haina maisha marefu. Lazima ikutane na ule unga mweusi hapo jirani, la sivyo inazimika. Kwa hiyo vitu viwili vichanganyike. Lakini vikichanganyika kupita kiasi, chaji zinakosa pa kupita kwenda nje. Ni kama uswahilini: nyumba zimesogeleana, jirani unamkuta hapo hapo, ila gari la zimamoto likija halina njia. Utando mzuri una ujirani na una vichochoro. Hayo kwa macho huyaoni, hadubini yetu nayo haifiki huko, lakini rangi inasema. Ukiwa zambarau, polima imejipanga. Ukiwa rangi ya chungwa, imelala shaghalabaghala.

Vioo vya Februari, ambavyo bado ninavyo kwenye kijisanduku, ni zambarau kama bilinganya. Vya sasa ni machungwa ya Muheza.

Dawa ni ile ile, chupa ile ile, mashine ile ile. Kilichobadilika ni mvua.

Jumamosi, 21 Machi

Idi. Nimemtumia Najma ujumbe wa heri. Amejibu: "Amin shoga. Vioo vinaendeleaje?" Sijui kwa nini swali hilo limeniudhi.

Jumatano, 25 Machi

Jua la ajabu tangu juzi. Siku tatu hakuna tone. Kipima unyevu kimeshuka mpaka pale kilipokuwa Februari. Nilivaa blauzi yangu nzuri kwenda maabara, nikijua leo ndiyo leo.

1.4.

Basi siyo mvua. Nimekaa kwenye kiti cha Najma mpaka walinzi walipokuja kufunga. Ikiwa siyo mvua, na siyo dawa, na siyo mashine, kilichobaki ni nini? Kilichobaki ni mtu.

Ijumaa, 27 Machi

Nimempigia simu. Nilitafuta maneno yasiyo na mwiba.

"Najma, wakati ule wa Februari, kuna kitu ulibadilisha? Kipimo chochote?"

"Hapana. Nilifuata ulivyoandika. Kwani zimegoma?"

"Kidogo. Mvua."

"Mvua nayo! Pole, Koku. Ningekuwepo ningekusaidia."

Nikamshukuru. Hakusita hata kidogo alipojibu. Mtu anayekumbuka kitu cha mwezi uliopita kwa kawaida husita.

Jumatatu, 30 Machi

1.5. Mvua imerudi.

Jumanne, 31 Machi

Nilimwambia Leodegar. Sikumtaja mtu. Nilisema tu kwamba vipimo vya Februari vilifanywa nikiwa darasani.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akaendelea kukaza skrubu.

Nilimjibu kwamba Najma si mtu wa hivyo. Kisha njia nzima kutoka Mwenge hadi nyumbani nikawa najiuliza Najma ni mtu wa vipi hasa. Tumekaa meza jirani mwaka mzima. Najua anapenda chai ya tangawizi, anaogopa mjusi, na alimwita mumewe "Bwana Mkubwa" kwa utani. Sijui kama angeweza kugusa namba ili kunifurahisha. Kuna watu wa namna hiyo, wema wao haujui mipaka. Niliona hasira, na niliona kwamba hasira inafaa kuliko woga.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Ma'mkubwa amenipikia ndizi na kunisuta. "Wewe siku hizi unakaa kama mtu aliyeibiwa." Nimemwambia huenda nimeibiwa kweli.

Ijumaa, 17 Aprili

Dokta Benedikto ameniita. Ana meza kubwa isiyo na kitu, na anapenda kunyamaza mpaka mwingine aongee. Nikaongea.

"Dokta, sijafanikiwa kuirudia."

"Mara ngapi?"

"Kila mara."

"Na Februari nani alipima?"

Nilijua swali hilo litakuja. Nilikuwa nimelisubiri kama mtu anayesubiri zamu hospitali.

"Najma."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwa darasani."

Akatazama dirishani, mvua ilikuwa inapiga kioo. Akasema kamati ya idara inahitaji ripoti ya maendeleo, na kwamba niandike ukweli, usiozidi wala kupungua. "Usimtuhumu mtu. Andika kilichotokea."

Jumatatu, 20 Aprili

Nimeandika hivi: "Vipimo vya Februari vilifanywa na mwenzangu akiwa peke yake, na sijaweza kuvirudia."

Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Haina neno la uongo. Nimeituma.

Jumanne, 21 Aprili

Mvua. Nimelala mchana kutwa.

Jumatano, 29 Aprili

1.4. Kila ninachokigusa kinakuwa chungwa.

Alhamisi, 7 Mei

Nimeamua kwenda Temeke. Nikimwona uso kwa uso nitajua. Ma'mkubwa amefurahi, anadhani nimepata utu. Amenifungia mchele na sukari.

Jumamosi, 9 Mei

Naandika yote, kwa sababu leo sijui niandike lipi niache lipi.

Nimefika baada ya adhuhuri, viatu vimejaa tope. Mama yake Najma ndiye aliyefungua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, karibu. Wewe ndiye Koku? Huyu kila siku Koku, Koku. Vua hapo, usijali sakafu, mvua imeshatuharibia."

Najma alikuwa chumba cha ndani, amevaa nguo nyeupe tupu, hana hina, hana hata hereni. Amekonda. Alipiga kelele ya furaha, kisha akajiziba mdomo, kama aliyekumbuka kwamba hapaswi. Akanikumbatia muda mrefu. Sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Akasema watu walikuja sana wiki ya kwanza, sasa hawaji. Akasema mchana siyo tabu, tabu ni ikifika saa Bwana Mkubwa aliyokuwa akirudi, maana masikio bado yanasikiliza pikipiki. Alisema hivyo bila kulia. Mimi ndiye niliyetazama pembeni.

Tukaletewa wali wa nazi na samaki. Nikala. Nilikula sana, kwa sababu mtu anayekula haulizwi kitu. Kisha chai. Adhana ya alasiri ikalia, Najma akainuka.

"Ngoja niswali, nakuja. Chai yako usiimalize upesi, nyingine hamna."

Akachukua bakuli la kioo kwenye kimeza, akalifunika juu ya kikombe changu, akaondoka. Alifanya hivyo bila hata kukitazama, mkono ulikwenda wenyewe.

Nikabaki peke yangu na kikombe. Mvuke ulipanda, ukafika kwenye kioo, ukakosa pa kwenda. Vikatokea vitone ndani ya bakuli, vikakua, vikarudi chini polepole. Chai ilikuwa inashindwa kukauka. Nilikaa nikiitazama mpaka aliporudi, na nilikuwa nimeshaelewa, lakini ilibidi niulize.

"Najma. Vile vioo vyangu. Ukienda kuswali ulikuwa unaviacha vipi?"

"Nilivifunika."

"Kwa bakuli?"

"Sasa ningefunika kwa nini, kwa shuka?" Akacheka. "Kila kioo na bakuli lake. Nikirudi vingine bado vinang'aa maji, naviacha hivyo hivyo mpaka vigeuke rangi, ndiyo navipasha moto."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Uliniuliza kama nilibadilisha kipimo. Sikubadilisha. Kufunika nako ni kipimo?" Akanitazama kama ninayeumwa. "We umelelewa wapi, Koku, ambako chombo kinaachwa wazi? Bibi yangu angekuchapa. Chombo kikiachwa wazi, shetani anatangulia."

Dawa yetu hukauka taratibu ikifungiwa na mvuke wake. Ikikauka taratibu, polima inapata muda wa kujipanga, vichochoro vinapatikana. Ikipigwa feni inaganda jinsi ilivyoanguka. Wiki zote hizi nilikuwa naifukuza ile ile dakika iliyokuwa inanifanyia kazi. Tasnifu nzima, na jibu lake limeandikwa kwenye nusu ya kanga za Temeke: haraka haraka haina baraka.

Ningependa daftari liishie hapo. Wakati nafunga viatu Najma alisema, "Halafu idara wameniita. Niende nikajieleze mbele ya kamati, sijui kuhusu nini. Nimewaambia niko eda, siwezi kutoka. Hawajanijibu. Ukipita ofisini niulizie, eti?"

Nikasema nitaulizia.

Mama yake alinifungia vitumbua. Nimevishika mapajani njia nzima. Naona aibu, na ninaandika neno hilo lilivyo kwa sababu sina lingine.

Jumatatu, 11 Mei

Nimetoa boksi stoo. Dawa moja, siku moja, mvua moja. Nusu ya vioo nimeviweka chini ya pangaboi, nusu nimevifunika kwa bakuli za Najma. Vya pangaboi vilikauka nikiwa nimesimama, vikawa chungwa. Nilipoinama kutazama vya chini ya bakuli vilikuwa bado maji. Nikaenda kufundisha. Niliporudi vilikuwa vinageuka kuanzia pembeni kuja katikati, chungwa, hudhurungi, kisha zambarau.

Vya pangaboi: 1.5. Vya bakuli: 3.7.

Leodegar alipiga makofi. Mimi nilikwenda chooni, nikasimama huko muda.

Jumatano, 13 Mei

Dokta ametabasamu kwa mara ya pili katika historia.

"Hongera. Umbo la utando linaamuliwa na kasi ya ukaukaji, na umelionyesha kwa dawa moja, siku moja. Hiyo ni sura nzima ya tasnifu, Kokushubila. Juni unaiwahi."

"Dokta, aliyefanya hivyo ni Najma."

"Najma alizuia vumbi. Wewe ndiye uliyeelewa kwa nini."

"Na ile sentensi yangu?"

"Ipi?"

Nikamsomea. Naijua kwa moyo.

"Ah. Kamati imeshakaa. Wamemsimamisha masomo mpaka ajieleze. Hakutokea."

"Yuko eda. Hawezi kutoka."

"Hilo halikuwa kwenye ripoti."

Ni kweli, halikuwepo. Nilijua yuko wapi na kwa nini hatatokea, na sikuliandika, kwa sababu niliambiwa niandike kilichotokea.

Nikamwambia nataka kuandika upya. Akakunja mikono, kisha akazungumza kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa mgumu.

"Fikiri kwanza. Ukiandika kwamba matokeo yako makuu yametokana na kitu ambacho hukujua kinafanyika mezani pako, mtahini atauliza tasnifu ni ya nani. Atataka kazi yote ya Februari uifanye upya, mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Juni haitoshi. Lakini ukiandika 'ukaushaji wa polepole ulitumika', nayo ni kweli. Baada ya hapo utamsaidia Najma vizuri zaidi ukiwa na shahada yako mkononi."

Ni kweli, nayo. Nimeanza kuchoshwa na vitu vya kweli.

Alhamisi, 14 Mei

Sijaandika.

Ijumaa, 15 Mei

3.6. 3.8. Sijaandika.

Jumapili, 17 Mei

Ma'mkubwa ameniuliza kama yule mjane niliyemtembelea anaendeleaje. Nimesema vizuri. Akasema, "Basi ukienda tena umpelekee kanga, eda ikiisha avae kitu kipya." Mvua ilinyesha wakati wa misa, padri akawa anaongea na paa.

Jumatatu, 18 Mei

Najma ametuma ujumbe: "Umeniulizia?"

Jumanne, 19 Mei

Nimeandika.

Nimeandika kwamba vioo vya Februari vilifunikwa na Najma vikiwa vibichi, kila siku, kwa desturi ya kwao ya kutoacha chombo wazi. Kwamba vipimo vyake ni sahihi vyote. Kwamba mimi niliondoa bakuli, nikaleta feni, nikaharibu utando, kisha nikaandika sentensi iliyomfanya aonekane mwongo, nikijua yuko eda na hawezi kuja kujitetea. Nimeandika "nikijua". Nililiacha neno hilo nje mara mbili, mara ya tatu nikaliingiza. Nimeipeleka mwenyewe kwa miguu, mvua ikiwa inanyesha.

Jioni nikamjibu Najma. Nilijaribu kumwambia yote kwenye simu, nikaona ujumbe unakuwa mrefu kama tasnifu. Nikatuma zote mbili, ripoti ya kwanza na ya pili, na neno moja: nisamehe.

Jumatano, 20 Mei

Amesoma. Alama mbili za bluu.

Alhamisi, 21 Mei

Hajajibu.

Jumanne, 2 Juni

Mvua zimekatika. Asubuhi kulikuwa na ubaridi, Leodegar amevaa sweta. Najma hajajibu.

Alhamisi, 11 Juni

Kamati imejibu. Najma amerudishwa, jina lake limesafishwa. Mimi nimeambiwa tasnifu haipokelewi mwezi huu. Niifanye upya sehemu yote ya Februari, na muda wangu ukiwa umekwisha, niombe usajili upya, ambao hawaahidi. Dokta Benedikto amenipa habari hizo akiwa amesimama, kisha akanipa mkono, kitu ambacho hajawahi kufanya.

Nilidhani nitalia. Nilirudi maabara, nikazungusha vioo, nikavifunika.

Jumatatu, 29 Juni

Najma amekuja.

Alivaa gauni la kijani na hina mpya viganjani. Akasalimia kama mtu anavyosalimia ofisini. Leodegar akakumbuka ana kazi ghorofa ya chini.

Meza yake nilikuwa nimeirudisha ilivyokuwa. Bakuli zote nilizipanga hapo, isipokuwa moja, iliyokuwa mezani kwangu juu ya kioo kibichi. Akasimama akiitazama hiyo.

"Ile sentensi yako nimeisoma," akasema. "Nimeirudia wee, nikitafuta uongo ndani yake. Sikuuona. Hilo ndilo lililoniuma."

"Najua."

"Na siku ile ulikuwa umeshaiandika. Ulikaa kwetu ukala wali."

"Nilikula."

"Mama bado anakuulizia. Anasema yule mtoto mpole wa Bukoba."

Nikamwambia nisamehe. Kwa sauti lilitoka dogo kuliko kwenye simu. Akavuta pumzi, akatazama viganja vyake.

"Nitakusamehe, Koku. Lakini siyo leo. Leo nimekuja kuchukua vyombo vyangu. Ni vya harusi."

Akatoa kanga mkobani, akaitandaza, akaanza kuzifunga bakuli moja moja. Nilipoona amemaliza nikanyoosha mkono kuchukua ile iliyobaki juu ya kioo, nimpe.

Akanishika kifundo cha mkono.

"Hilo liache," akasema. "Utando haujakauka."

Akajitwika furushi lake, akatoka. Nimesikia hatua zake ngazini mpaka chini. Kisha nimekaa nikasubiri, bila feni, mpaka kioo kikawa zambarau chote. Nikaliinua bakuli, nikaliosha, nikalikausha kwa kitambaa, nikaliweka katikati ya meza yake.